Kengele Ambayo Haikuwemo

Siku daktari aliposema kile kivimbe cha shingoni kilikuwa kivimbe tu, hakina ubaya wowote, familia nzima ilishusha pumzi. Shemeji yake Nukta, mume wa mgonjwa, alikwenda kukaa kwenye ngazi za hospitali akawa anacheka peke yake, mpaka mlinzi akamuuliza kama anahitaji maji. Nukta alimkumbatia dada yake kwa uangalifu, akikwepa bandeji, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwepo jambo la pili la kuuliza.

Aliyelikumbuka ni mgonjwa mwenyewe. Alifungua kinywa amshukuru daktari, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

"Hiyo ni neva ya sauti," daktari alisema. "Haijakatwa. Imeguswa wakati wa upasuaji, sasa imelala. Mara nyingi huamka."

"Lini?" aliuliza Nukta kwa niaba ya dada yake.

"Sitakudanganya. Inaweza kuwa wiki kadhaa, inaweza kuwa miezi. Na ikiamka, usishangae sauti ikirudi na sura nyingine."

Dada aliitikia kwa kichwa, akajifunga mtandio shingoni, akatangulia mlangoni. Alikuwa mzima, na hilo ndilo walilokuwa wamelala nalo na kuamka nalo tangu uvimbe uonekane. Lakini alikuwa pia mwimbaji. Tangu kabla hajaolewa ndiye aliyekuwa sauti ya mbele ya kwaya ya mji, yule ambaye watu waliokuwa wamekaa nyuma kabisa walisikia kila neno lake bila kipaza sauti. Sasa hata kuagiza chai alilazimika kunyoosha kidole.

Nukta hakuwahi kuimba. Yeye alikuwa fundi wa nota. Watunzi walimletea nyimbo zimeandikwa kwa penseli, au zimeimbwa tu kwenye simu, naye akaziingiza kwenye kompyuta, akazipanga, akawachapia waimbaji na wapigaji kila mmoja karatasi yake. Jina la Nukta alipewa na kwaya, kwa sababu angeweza kusimamisha mazoezi ya watu wote kwa ajili ya kinukta kimoja kilichosahaulika pembeni ya nota.

Mtunzi aliyekuwa akimpa kazi nyingi zaidi ni kiongozi wa kwaya hiyohiyo, mzee mwembamba mwenye suruali pana, ambaye kila mtu alimwita Kondakta. Wageni wakisikia jina hilo walimuuliza gari lake linakwenda wapi, naye aliwajibu kwamba linakwenda polepole. Mwaka ule alikuwa ametunga wimbo mrefu wa kufungulia ukumbi wa mji, uliokuwa umeezekwa upya baada ya kuungua. Kwaya, kinanda, fidla mbili na selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa. Na katikati, pale vyombo vinapotulia, sauti moja ya mwanamke peke yake. Hakuwa ameandika jina juu ya sehemu hiyo. Hapakuwa na haja.

Wiki moja baada ya hospitali, Dada alimtumia Kondakta ujumbe mfupi: asingojewe, na nafasi yake asipewe mtu mwingine kwa huruma wala kwa haraka. Wimbo uendelee bila hiyo sehemu.

Kondakta alikuja moja kwa moja kwenye chumba cha Nukta, nyuma ya duka la vifaa vya shule, ambako mashine ya kuchapa ilikuwa ikinguruma kutwa. Alisimama nyuma ya kiti chake.

"Futa ule mstari," alisema.

"Wote?"

"Wote. Fidla zishike palepale zilipo, watu wapumzike masikio, kisha kwaya iingie. Mimi mwenyewe nakala yangu ya penseli nimeshaichana."

Nukta aliuchagua mstari wa dada yake. Uligeuka rangi ya samawati toka mwanzo hadi mwisho, nota na maneno chini yake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Akageuza shingo kidogo, akaona Kondakta anatazama dirishani, anatazama ukuta wa jirani ambao haukuwa na chochote cha kutazamwa.

Pembeni mwa skrini palikuwa na orodha ya vyombo na sauti zote za wimbo, na mbele ya kila jina kialama cha jicho. Ukikibonyeza, jicho linafumba na mstari unatoweka kwenye kurasa. Mistari mingine inasogea kuziba nafasi, kurasa zinapungua, na mtu atakayeshika karatasi hatajua kwamba paliwahi kuwa na kitu. Lakini nota hazijaenda popote. Ziko mle ndani, zimefunikwa tu. Nukta alibonyeza jicho. Akanyamazisha na mlio wa mstari huo, ili kompyuta ikipiga wimbo usije ukajisema wenyewe.

"Tayari," alisema.

"Umefuta?"

"Si unaona?"

Kondakta alitazama skrini, akaona kurasa safi, akasema haya, akatoka. Nukta alibaki ametulia mikono mapajani. Hakujua alichokuwa akikihifadhi. Alijua tu kwamba kidole kilikataa.

Dada alikuwa akiendelea vizuri, kwa kila kipimo isipokuwa kile kimoja. Alikula, alilala, kovu lilifunga. Alinong'ona kwa sentensi fupi. Nukta alipita kwake kila alipotoka kazini, akamkuta shemeji yake anaongea kwa ajili ya watu wawili.

"Shemeji, miaka yote nimekuwa nikiomba dakika tano za kimya ndani ya nyumba hii," alimwambia siku moja akimsindikiza mlangoni. "Nimepewa. Sizitaki."

"Hajaribu hata kidogo?"

Shemeji alikuna kidevu. "Mimi sijui mambo ya sauti," alisema, akafungua mlango upesi kuliko kawaida.

Wiki hiyo Kondakta aliomba faili la wimbo aende nalo nyumbani. Alikuwa na kompyuta yake, kuukuu, yenye kibodi iliyopungukiwa herufi, na alitaka kurekebisha mwisho. Alilirudisha baada ya siku chache, kwenye kijiti cha kumbukumbu kilichofungwa kwa uzi.

"Nimesafisha kidogo," alisema. "Chapa hivyohivyo."

Nukta alichapa. Kurasa zilikuwa nzuri. Kwenye orodha ya pembeni aliona pameongezwa jina chini kabisa, Kengele, nalo jicho lake limefumbwa. Wimbo haukuwa na kengele. Akadhani mzee alikuwa amewaza kitu, akakiacha, kama alivyozoea kuacha miwani yake mahali. Hakuligusa.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wenyewe, wenye paa jipya lililokuwa bado linanuka rangi. Walipofika pale katikati, fidla zilishika sauti mbili ndefu, kinanda kikagonga kwa mbali, selo ikatembea polepole chini yao. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa na tundu. Mpiga selo, mwanamke mnene mpole aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alisimamisha upinde.

"Samahani, Kondakta. Hapa tunamsindikiza nani?"

"Piga tu, mwalimu."

"Ninapiga. Ila najiona kama nimebeba mizigo ya mtu, mwenyewe haonekani."

Watu wakacheka, wakarudia. Ndipo Nukta, aliyekuwa amekaa pembeni na penseli yake, alipoona mlango wa nyuma umefunguka na dada yake ameingia na kukaa kiti cha mwisho. Hakuwa amekanyaga mazoezini tangu upasuaji. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka kidevuni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusubiri usafiri.

Vyombo vilirudia sehemu ile. Kutoka kiti cha mwisho ikaja sauti. Ilikuwa ya chini, haina maneno, mdomo umefungwa. Haikupanda kule juu ilikokuwa ikipanda zamani. Ilikwenda chinichini, ikasita, ikavuta pumzi mahali pasipo pa kawaida, ikaendelea. Mpiga selo aliisikia, akainamisha kichwa bila kugeuka. Fidla zikapunguza. Hakuna aliyemtazama. Kondakta aliendelea kupunga mkono, macho kwenye karatasi, ila mkono ulikuwa umepungua mwendo kumngoja mtu.

Kisha kwaya ikaingia, na Dada akaisikia sauti yake mwenyewe. Aliziba mdomo kwa kiganja, akainuka, akatoka. Nukta alimkuta kwenye ukumbi mdogo wa nje, ameegemea ukuta.

"Mmeniondoa vizuri," Dada alinong'ona. "Jana jirani yangu wa alto alinionyesha karatasi yake. Hakuna hata alama."

"Ni wewe uliyesema."

"Ni mimi. Sina kinyongo, mdogo wangu. Ila nilidhani pengine pangebaki hata kovu." Akajaribu kutabasamu. "Kama kwenye shingo yangu."

Nukta alitaka kumwambia palepale. Neno lilifika kwenye meno. Lakini hakutaka kumwahidi kitu kabla hajakishika mkononi, akamwitia teksi tu, akaagana naye.

Kesho yake alifika kazini kabla duka halijafunguliwa, akaingilia mlango wa nyuma. Akawasha kompyuta, akafungua wimbo, akashuka kwenye orodha. Kwaya, sauti nne. Kinanda. Fidla ya kwanza, fidla ya pili. Selo. Kengele.

Mstari wa dada yake haukuwepo.

Akapanda juu, akashuka tena, kama mtu anayepekua mfuko uleule akitarajia funguo zimejificha. Faili la zamani lilikuwa limefunikwa na hili jipya. Yeye mwenyewe ndiye aliyelihifadhi juu yake, kwa jina lilelile, kwa mkono wake. Nimesafisha kidogo, mzee alisema. Bila shaka alikuta mstari uliofichwa, akajua hakutiiwa, akaumaliza yeye. Na nakala ya penseli alikuwa ameichana. Alikaa akitazama skrini, akamwona dada yake akiimba mdomo umefungwa, akifuata kitu ambacho sasa hakipo popote duniani ila kichwani mwake.

Alibonyeza kitufe cha kupiga kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Kompyuta ikaanza: kwaya ya bandia, inayoimba aa kila mahali, kinanda kigumu. Ikafika katikati. Fidla zikashika. Na juu yao, bila kuonekana kwenye ukurasa wowote, ikaingia sauti moja ya mwanamke, ile aa ya mashine, ya chini, ikitembea taratibu.

Nukta aliruka kitini. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Ipo. Haionekani, lakini ipo. Kengele hailii namna hiyo. Akashika kipanya, akaenda chini kabisa ya orodha, akabonyeza jicho la Kengele.

Kurasa zilijitanua. Mstari ukafunguka katikati ya mistari mingine, nota na maneno chini yake, maneno ya dada yake yote. Lakini haukuwa kama alivyouacha. Ulikuwa umeshushwa. Pale ulipokuwa ukipanda, sasa ulizunguka chini. Na pale ambapo kushuka kungeugonga mlio wa fidla, mtu alikuwa ameugeuza njia, kwa subira, nota baada ya nota. Na kila baada ya maneno machache paliwekwa mkato mdogo juu ya mstari, alama ya kuvuta pumzi. Pumzi nyingi sana. Hakuna mwimbaji mzima aliyehitaji pumzi zote hizo.

Alikuwa bado akisikiliza kwa mara nyingine aliposikia kikohozi. Kondakta alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli mkononi.

"Zima hiyo," alisema, lakini bila ukali. Akavuta kiti akaketi. "Ulisema umefuta."

"Na wewe ulisema umesafisha."

Walitazamana. Kondakta ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani, mabega yakitikisika, na Nukta akacheka na yeye huku anajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Niliukuta siku ya kwanza," alisema mzee. "Jicho limefumba. Nikasema, huyu binti mkaidi. Halafu nikashukuru Mungu nikiwa peke yangu na hiyo kompyuta mbovu. Unajua nilivyojuta kuichana ile nakala ya penseli?"

"Mbona hukuniambia? Ukaniandikia kengele."

"Ningekuambia, ungemwambia dada yako. Dada yako angeona tunamsukuma. Nikafikiri, acha ukae humo, ukihitajika utatoka. Nikausahau mlio. Nilidhani nimeunyamazisha tena."

"Bora hukuunyamazisha," alisema Nukta. "Ningekufa hapa kwenye kiti."

Walikubaliana kwenda pamoja, na kwenda mapema, kabla yeyote kati yao hajapoteza ujasiri. Shemeji aliwafungulia. Dada alikuwa mezani anamenya vitunguu. Nukta aliweka kompyuta ya mkononi pembeni ya maganda, akabonyeza kitufe cha kupiga.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Kisha akavuta skrini karibu, akaanza kusoma kwa kidole.

"Mmeishusha."

"Nimeishusha," alisema Kondakta.

"Hizi pumzi nani kaweka?"

"Mimi."

"Ulijuaje kama nakatia hapa?" Kidole chake kilikuwa kimegota kwenye moja ya ile mikato midogo. "Hapa hasa."

Kondakta alitazama mwavuli wake. "Nilikuja kukujulia hali. Nilipofika uani nikasikia unaosha vyombo, na unaimba kwa mdomo uliofungwa. Nikasimama."

"Hukupiga hodi."

"Nilishindwa. Ningepiga hodi ungenyamaza. Nikakaa pale mpaka ukamaliza vyombo, nikarudi nyumbani nikaandika."

Dada akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa ameanza kujishughulisha na kufuta jiko lililokwisha kufutwa.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mke wangu," alisema, "kwa nini unadhani redio yetu imekuwa ikiisha betri kila ukiingia jikoni?"

Dada alikunja uso; alikuwa mtu wa hasira za karibu, na watu watatu walikuwa wamemficha kitu chake mwenyewe. Nukta alijiandaa kukemewa kwa mnong'ono. Badala yake dada yake aliwatazama mmoja mmoja, mzee na mwavuli wake, mume na kitambaa chake, mdogo wake mwenye macho mekundu, na akacheka. Kicheko kilikuwa na sauti. Kilikuwa na mikwaruzo pembeni, lakini katikati palikuwa na sauti, nene, ya kwake. Yeye mwenyewe aliisikia, akaweka kisu chini.

"Msiandike jina langu kwenye ratiba," alisema hatimaye.

"Hatuandiki," alisema Kondakta.

"Na sisimami mbele. Nitakaa na akina alto. Na siku hiyo nikiamka nikaona haiwezekani, haiwezekani, na asiniulize mtu."

"Hiyo ndiyo raha ya mstari wa kuficha," alisema Nukta. "Wanakwaya na wapigaji hawauoni kwenye karatasi zao. Fidla zitashika hivyohivyo, uimbe usiimbe. Kondakta anaujua kwa kichwa. Atakayeuona ni mpiga kinanda tu, na huyo nitamchapia nakala mbili, yenye mstari na isiyo nao. Wewe utachagua ipi inawekwa."

Dada alifikiri, akavuta kitunguu kingine. "Basi niachieni hiyo kompyuta mpaka jioni."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Nukta alisimama nyuma ya pazia na nakala zote mbili kifuani. Dada alipita amevaa sare ya kwaya, shingo wazi, bila mtandio. Kovu lilionekana, jembamba, kama mkunjo wa nguo. Hakusimama kuzungumza. Alipitisha mkono tu, akachomoa nakala kubwa, ile yenye kurasa nyingi, akampelekea mpiga kinanda mwenyewe.

Wimbo ulipofika katikati, fidla zikashika. Watu wa mji walioijua kwaya walianza kutazama mbele, mahali pa siku zote, wakakuta patupu. Sauti ikatoka kwenye safu ya pili, kati ya wanawake wawili, mmoja mrefu kupita wenzake. Haikujaza ukumbi. Ilibidi watu watulize viti, na walivituliza. Katika neno moja ilikatika kabisa, hewa tupu ikapita. Mpiga selo akaongeza mlio kidogo chini yake mpaka ikarudi. Ilivuta pumzi mahali pote palipowekewa pumzi, na mara moja mahali pasipowekewa. Kisha kwaya ikaingia na kuichukua.

Nukta aligundua kwamba alikuwa ameshika pazia kwa mikono yote miwili. Aliliachia.

Baadaye alimkuta dada yake chumba cha kubadilishia nguo, amevua viatu, amenyoosha miguu juu ya kiti cha pili, anakunywa maji kwenye chupa ya mtu.

"Uliogopa?" Nukta alimuuliza.

"Pale ilipokatika, ndiyo. Nilitaka kukaa chini." Sauti ilikuwa imechoka, karibu mnong'ono tena, lakini haikumtisha yeyote. "Yule dada wa kulia kwangu akanishika kiwiko. Hakuniangalia wala nini. Alinishika tu, mpaka ikapita."

"Nani, yule mrefu?"

"Yule mrefu. Miaka yote tuko kwaya moja, nilidhani hanipendi." Akafunika chupa, akafumba macho. "Kaa hapa kidogo. Wacha watu wapungue ndio tutoke."

Nukta alisogeza mikoba, akakaa. Nje watu walikuwa wakivuta viti na kuitana majina, na hakuna hata mmoja kati yao wawili aliyekuwa na haraka.